Upepo wa Jumanne

Noordbrouck, 26 Machi 2019

Ludivine mwanangu,

Jibini lako limefika. Lilinuka mpaka tarishi akanikabidhi huku ameangalia pembeni. Asante. Nimelila na mkate na kahawa ya mizizi ya chikori, sijui kama lilikuwa tamu. Siku hizi vitu vyote vina ladha moja.

Unalalamika kwamba sipigi simu. Kwenye simu wewe unanyamaza na mimi nanyamaza, tunabaki kusikilizana tukipumua. Barua angalau ina mwisho.

Habari za hapa hakuna. Chumba chako nimeanza kuwapa wapita njia wa baiskeli. Wiki iliyopita walikuja Waholanzi wawili, mke na mume, watu warefu hao, kila baiskeli mikoba minne na birika linaning'inia nyuma. Wanafuata mifereji kutoka kwao mpaka Paris, hawataki kukutana na gari hata moja. Asubuhi yule mume akaniuliza, "Mama, leo upepo unatoka wapi?" Nikamwambia, "Dirisha lile pale, na macho unayo." Mkewe akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Mwenyewe nanyonga baiskeli kila siku baada ya chakula cha mchana. Napanda tuta nyuma ya nyumba, nashika njia ya kando ya mfereji, maji upande huu, mashamba ya viazi upande ule. Hakuna gari, hakuna kilima, kona ni moja tu. Kilomita kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi. Ukiniuliza nimeona nini sina la kukujibu. Miguu inazunguka, basi.

Tarehe kumi mwezi ujao unatimia mwaka tangu baba yako azame. Padri ameuliza kama nataka misa. Nimemwambia afanye tu. Baiskeli ya baba yako polisi wameirudisha, iko bandani. Sijaigusa.

Mama yako,
Godelieve


Briançon, 31 Machi 2019

Mama,

Mwaka mzima unaniandikia kama mtu wa kusoma mita ya maji. Chakula, chumba, kilomita. Mimi ni binti yako jamani, niandikie hata matusi.

Huku milimani bado kuna theluji. Natengeneza meno ya bandia kutwa nzima, kama kawaida. Juzi kaja mzee mmoja ananiomba nimchafulie meno kidogo, yasiwe meupe mno, mkewe asije akagundua kwamba ni ya kubandika. Nikamwuliza, "Mzee, na usiku ukiyatoa je?" Akasema hiyo atajua mwenyewe. Nilicheka, halafu nikaingia stoo nikalia. Siku hizi nalia stoo, kazini wamenizoea.

Sikiliza. Nataka kuja mwezi wa tano, mimi na mpenzi wangu Thibaud, na baiskeli zetu. Nataka kunyonga njia ile ile ya baba, kutoka nyumbani mpaka pale chini ya Merville walipomtoa majini. Sijawahi kupaona. Siku ya mazishi ulinizungusha jikoni na vikombe mpaka treni yangu ikafika. Polisi waliandika mstari mmoja, ajali, wakafunga jalada.

Thibaud, mtoto wa milimani, anasema kwenu ni tambarare, atanyonga huku anasinzia. Nikamwambia ngoja ukutane na upepo wetu. Nikamfundisha kama baba alivyonifundisha: unaanza na upepo usoni ukiwa na nguvu, ili wakati wa kurudi, ukiwa umechoka, ukusukume mgongoni mpaka mlangoni. Akasema, "Kwa nini nisianze na raha?" Nikamwambia huko ndiko kufikiri kwa wageni.

Siku ile upepo ulitoka wapi, mama? Sikumbuki kama uliwahi kuniambia.

Ludivine


Noordbrouck, 11 Aprili 2019

Ludivine,

Misa imefanyika. Watu walikuja. Marie-Josèphe wa jirani alileta mkate wa maziwa mkubwa kama mtoto mchanga, nikaugawa.

Upepo ulitoka mashariki. Baba yako aliondoka saa tatu asubuhi akitazamana nao, kichwa chini, kama alivyofanya miaka yote. Mtu anayetoka hivyo ana nia ya kurudi kula. Nilikuwa nimeacha nyama ya kuchemshwa na bia jikoni, kwenye moto mdogo. Aliteleza kwenye nyasi. Ilikuwa ajali, na polisi hawakuhitaji mstari wa pili.

Mwezi wa tano msije. Njia ya tuta inatengenezwa, imefumuliwa kutoka hapa mpaka Saint-Venant, hata mbwa hapiti. Na chumba nimeshakiahidi kwa Wabelgiji. Njooni Krismasi, kwa treni.

Mama


Lango la maji, chini ya Noordbrouck, 24 Aprili 2019

Mwanangu Ludivine,

Barua yako nimeipata, ikanipa furaha na aibu, maana mimi kushika kalamu ni mpaka nijaze fomu za mashua. Unaniuliza njia ya tuta inatengenezwa mpaka lini. Nani kakudanganya? Njia ni safi kama sahani. Mimi nafungulia mashua lango hili mwaka wa thelathini na mmoja sasa, wangechimba hata shimo la panya ningejua. Njooni tu, na huyo kijana wa milimani tumwone anavyosinzia.

Umeniuliza pia kama nilimwona baba yako siku ile. Nilidhani mama yako alikwambia, maana nilimweleza yote siku ya mazishi. Mwaka jana Jumanne hazikuwa zamu yangu, siku ile tu nilimshikia mwenzangu, nikamwona. Upepo ulikuwa wa magharibi, mkali, unapiga madirisha. Naye anashuka nao kuelekea Merville, mgongo wima, hanyongi hata, anabebwa. Nikashangaa. Éloi wa watu, na upepo mgongoni asubuhi yote ile! Nikamtania, "Wee Éloi, leo unamkimbia mkeo?" Akacheka, akainua mkono, akasema, "Usimwambie Godelieve."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nilikaa nayo siku nne, yakanikaba, nikaenda nikamwambia mama yako. Sijui kama nilifanya vizuri. Tangu siku ile akipita hapa na baiskeli yake hanitazami.

Msalimie kijana.

Floribert Caudron


Briançon, 28 Aprili 2019

Mama,

Njia haitengenezwi. Wabelgiji sidhani kama wapo. Na upepo ulikuwa wa magharibi. Nimemwandikia Floribert, amenijibu kila kitu, pamoja na kwamba wewe unajua tangu siku ya mazishi.

Umenidanganya mara tatu kwenye karatasi moja, wewe uliyenichapa kwa uongo wa biskuti mbili. Kuna sababu, na nadhani naijua. Umegundua lile jambo, na umegundua kwamba mimi nilijua. Ndiyo maana hutaki nije. Ndiyo maana huniandikii chochote ila kilomita.

Kama unanilaumu, nilaumu. Niandikie kwamba kifo cha baba ni juu yangu, nisome, nijue. Hii baridi yako siiwezi tena.

Ludivine


Noordbrouck, 6 Mei 2019

Ludivine,

Sijui unazungumzia jambo gani. Nikulaumu kwa lipi? Ulikuwa Briançon unachonga meno.

Basi nitakuandikia, ukishasoma chana. Umekaa huko miaka kumi na mitano, labda umesahau maneno ya kwenu. Hapa mume akimwacha mke wake watu hawasemi amemwacha. Wanasema ameondoka na upepo mgongoni. Walisema hivyo kwa mume wa Marie-Josèphe alipohamia Lille na yule wa duka la nguo. Huhitaji zaidi ya hapo, kila mtu anaelewa. Huku mtu anayetaka kurudi kwake haanzi safari akiwa amebebwa.

Éloi alijua hivyo kabla hajajua kusoma. Miaka arobaini na sita tumeoana, tumenyonga mifereji yote, Bruges, Gand, Saint-Omer, Douai, hema nyuma na wewe kwenye kiti cha mbele, hajaanza hata siku moja na upepo mgongoni. Siku hiyo moja tu. Alingoja Jumanne, siku yangu ya karata. Aliosha mwenyewe bakuli lake la kahawa, mtu ambaye maisha yake yote bakuli aliliacha mezani. Akapita kwa Floribert, akasema nisiambiwe. Akaenda mpaka alipochagua, akailaza baiskeli kwenye nyasi, akaingia majini. Hakurudi kwa sababu hakutaka kurudi. Kwangu. Hayo ndiyo ninayoyajua.

Na kijiji kinajua. Upepo ule waliusikia wote, na alikotolewa wanakujua. Ludivine, unakumbuka duka la mkate? Watu wanasimama nusu saa wanazungumzia upepo, umegeuka, umelala, kesho utatoka baharini. Mimi nikiingia wanaanza kuzungumzia bei ya nyama. Mwaka mzima hakuna mtu aliyetamka neno upepo mbele yangu isipokuwa yule Mholanzi. Wananihurumia kwa adabu. Ningependa wanitukane.

Unasema nina baridi. Nimetafuta mwenyewe hasira, sijaipata. Machozi pia. Jikoni nasimama nashika kijiko, nasahau kilikuwa cha nini. Kumlilia aliyekufa najua, nilimlilia mama. Aliyekuacha unamliliaje, tena mbele ya watu, tena umri huu? Nanyonga baiskeli kwa sababu miguu ikizunguka sifikiri. Hayo ndiyo yote niliyonayo.

Nilikudanganya upepo ili wewe ubaki na baba aliyeteleza. Mmoja wetu akiwa naye huyo ilitosha.

Usinijibu kuhusu hili.

Mama


Briançon, 9 Mei 2019

Mama, mama, mama,

Nakujibu na utasoma. Kaa chini kwanza.

Baba alikuwa anarudi. Alikuwa anarudi kwa treni.

Tangu Oktoba ile, kila Jumanne ukiwa kwenye karata, alikuwa anafanya hivyo. Anashuka na upepo mpaka Armentières, anakunywa bia moja mbele ya stesheni, anapanda treni na baiskeli yake mpaka Hazebrouck, na kutoka pale ananyonga kidogo kidogo kwa njia za mashamba mpaka nyumbani. Anafika saa kumi na mbili amelowa jasho, anakwambia ametoka Saint-Omer na upepo ulikuwa mkali kweli. Alikuwa hawezi tena, mama. Upepo wa usoni ulikuwa unambana kifua. Aliniambia kwenye simu mwezi huo, akacheka, akasema hata kilomita tatu hafiki, anasimama anashika mti. Nikamwambia nenda kwa daktari. Akasema ataenda. Nikamwambia mwambie mama. Akasema, "Mama yako? Kila siku ananiambia siku upepo ukinishinda ataniuza pamoja na baiskeli." Akaniapisha. Nikaapa huku nacheka, nikaona ni utoto wa wazee.

Asubuhi ile alinitumia ujumbe. Ninao bado, nimehamisha simu mbili na bado ninao. Nakunakilia neno kwa neno: "Leo upepo mzuri sana, nitakuwa Armentières kabla ya saa sita. Treni ya saa tisa na nusu. Mama kaacha nyama ya bia, lazima nifike na njaa. Wewe kimya."

Umeona? Lazima nifike na njaa.

Nilipokuuliza upepo ulitoka wapi nilikuwa nakupima, nijue kama umegundua alikuwa mgonjwa. Ulipojibu mashariki nikasema Mungu mkubwa, hajui, siri ya baba imebaki salama. Halafu Floribert akaniandikia kwamba unajua. Nikaamini umejua na la kifua, umejua kwamba nilikaa nalo miezi sita bila kukwambia, na kwamba ungejua ungemburuta kwa daktari kwa sikio. Ndilo nililokuwa naliita lile jambo. Nadhani moyo ulimsimama pale akashuka kupumzika, akaangukia majini. Kwa hiyo ni juu yangu.

Hilo lingine, la upepo mgongoni, naapa halikuwahi kunipita kichwani. Nimezaliwa hapo na halikunipita, kwa sababu mimi nilijua kuna treni. Nilikuwa nashika kiapo kwa mtu aliyekufa, na wewe uko peke yako na hilo. Mwaka mzima. Mama, nisamehe. Sijui hata niombe msamaha wa lipi kwanza.

Ludivine


Noordbrouck, 14 Mei 2019

Ludivine mwanangu,

Barua yako imefika jana saa nne. Sikuamini, na usikasirike. Nimezoea kutoamini. Leo asubuhi nikachukua baiskeli, nikaenda Armentières. Kilomita arobaini na kitu na miaka yangu sabini na moja, upepo mgongoni, mbele ya macho ya kijiji kizima. Nilipita kwa Floribert. Akatoka mbio akasimama kwenye lango, mikono kichwani, akaniita, "Godelieve, rudi! Godelieve!" Maskini. Nikamwambia, "Tulia wewe, narudi na treni." Sidhani kama alinielewa.

Kweli unabebwa. Sikuwahi kujua. Huhisi hata kwamba kuna upepo, unadhani ni wewe mwenye nguvu.

Mbele ya stesheni kuna mgahawa mmoja tu unaouza bia asubuhi. Nikamwuliza mwenyewe, mama mmoja mnene mwenye miwani kwenye kamba, kama anamkumbuka mzee wa baiskeli ya kijani wa Jumanne. Akaniuliza, "Yule wa Godelieve?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Aliacha kuja ghafla, nikadhani mkewe kamfumania. Alikuwa anaitazama saa kila dakika, anasema treni ikichelewa mke wangu atanimaliza. Tena akiisha kunywa anaosha bilauri mwenyewe, anasema anajizoeza, anataka kumshangaza nyumbani." Akaniuliza hajambo. Nikamwambia amekufa. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo na likawa na uzito mdomoni.

La kifua liache. Nimelala na kifua hicho miaka arobaini na sita. Baridi ile nilikisikia kinapiga filimbi, nikavuta blanketi. Jumapili alipoanza kusema goti linamsumbua nisimngoje, niende peke yangu, niliona midomo yake ya bluu nikasema ni baridi. Sikuhitaji wewe uniambie. Kwa hiyo usijigawie lawama peke yako, tuko wawili, na yeye mwenyewe wa tatu na kiburi chake cha kipumbavu. Na kweli ningemcheka. Ningemcheka wiki nzima, mpaka kwenye karata ningewasimulia. Halafu Jumanne ya pili ningepanda naye treni.

Njooni mwezi huu, siku yoyote. Hakuna Mbelgiji.

Nimerudi saa nane, nimeteremka Hazebrouck kama alivyofanya yeye, nimepita njia zake za mashamba. Nilipofika uani nikaiegemeza baiskeli ukutani. Nikakaa kwenye kizingiti na kofia kichwani na nikalia, Ludivine, nikalia kwa sauti kama mnyama, sikuweza kujizuia na sikutaka. Marie-Josèphe akaruka ua na unga mikononi. "Godelieve! Kuna nini? Nani amekufa?"

Nikamwambia, "Éloi."

Akanishika mabega, akaniambia polepole, kama unavyomwambia mtu aliyepotewa na akili, "Godelieve, mpenzi, Éloi alikufa mwaka jana."

Nikamwambia, "Hapana. Mwaka jana aliniacha. Amekufa leo."

Mama yako,
Godelieve